Fani Iliyopotea Tovutini: Kwa Nini Wanafunzi wa Kiswahili Waunde Programu-Jalizi Yao

Mwanafunzi yeyote wa fasihi ya Kiswahili hufunzwa mapema kwamba kazi ya sanaa ina pande mbili, fani na maudhui, na kwamba pande hizo hukaa pamoja kama ulimi na mate. Tumeliandikia jambo hili insha nyingi, na aghalabu tumelijibu katika mitihani bila kulitafakari sana. Wataalamu wa tovuti nao wanalo neno maudhui. Kwao maudhui ni kila kinachowekwa tovutini ili kisomwe, kitazamwe au kisikilizwe. Tena wao huamini kwamba maudhui yahifadhiwe mahali pamoja na sura yake mahali pengine, ili sura iweze kubadilishwa wakati wowote bila maudhui kuguswa. Kwa gazeti au tangazo la kazi, utaratibu huo hauna ubaya wowote. Kwa shairi la Kiswahili, huo ndio mwanzo wa msiba.

Katika makala haya ninakusudia kueleza jinsi nilivyoukuta msiba huo, jinsi mwenzangu na mimi tulivyojaribu kuutibu, na kwa nini ninaamini kwamba kazi ya kuunda na kusambaza zana za tovuti kwa ajili ya fasihi yetu ni kazi ya wanafunzi wa Kiswahili, wala haifai kuachiwa wengine. Najua kwamba wapo watakaoniona nimepotea njia. Nawaomba wanivumilie hadi mwisho.

Kisa cha Manyatta

Mimi ni mzaliwa wa Manyatta, kaskazini mwa mji wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya ambako chai hustawi upande wa juu na kahawa upande wa chini. Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya kutwa huko nyumbani. Mnamo Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na siku hiyo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Shuleni tuliamua kuipokea kwa mashairi. Wanafunzi wangetunga, walimu wangesahihisha, na tungo bora zingewekwa katika tovuti ndogo ya shule ili wazazi walio Nairobi, Mombasa na kwingineko wazisome.

Binti mmoja wa kidato cha tatu alitunga shairi la tarbia kuhusu uchumaji wa chai. Mshororo wake wa kwanza ulikuwa huu:

Majani chai huchumwa, umande bado mbichi.

Hesabu mizani, ndugu msomaji. Ukwapi una mizani nane na utao una mizani nane. Kina cha ndani ni -mwa na cha mwisho ni -chi, na binti huyo alivishika vyote viwili hadi mleo wa ubeti, kisha akafunga kwa kibwagizo. Katika daftari lake alikuwa ameacha nafasi pana kati ya ukwapi na utao, kama alivyofunzwa, hata mtu akitazama ukurasa kwa mbali aone safu mbili zinazoshuka sambamba.

Nililiandika shairi hilo tovutini kwa mikono yangu. Nafasi pana ikatoweka, na vile vipande viwili vikasongamana. Hilo nilidhani ni dogo. Lakini mama yake binti alipolifungua shairi kwa simu ya rununu, kioo chembamba kiliukata mshororo baada ya neno "umande," na maneno "bado mbichi" yakaanguka chini peke yake kama mshororo mpya. Ilikuwa hivyo kwa kila mshororo, na kila mmoja ulikatwa mahali tofauti. Tarbia ikageuka kuwa rundo la mistari minane isiyolingana, na vina vya ndani vikafukiwa katikati ya mistari hiyo mahali ambapo hakuna jicho lingeviona. Binti alinijia kesho yake akaniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyelibadilisha shairi langu?"

Sikuwa na jibu. Hakuna mtu aliyekuwa amebadilisha hata herufi moja. Maneno yote yalikuwapo. Kilichokuwa kimepotea ni fani.

Chombo kisichojua ukwapi

Sababu si ngumu kuelewa. Lugha inayotumiwa kuandikia kurasa za tovuti ina kanuni mbili zinazotuhusu hapa. Kwanza, nafasi nyingi zinazofuatana huhesabiwa kuwa nafasi moja. Pili, mstari ukifika ukingoni mwa kioo hukatwa penye nafasi iliyo karibu na kuendelezwa chini. Kanuni hizi zinaifaa nathari, kwa sababu aya ya riwaya ni ile ile iwe imepangwa kwa upana au kwa wembamba. Kivinjari hakijui ukwapi wala utao. Zipo njia za kukiamuru kihifadhi nafasi, na baadhi ya mifumo ya tovuti ina kisehemu maalumu cha kuandikia mashairi. Hata hivyo, kisehemu hicho kilibuniwa kwa tungo ambazo kila mstari ni kipande kimoja. Ukikipa mshororo wa mizani kumi na sita kwenye simu ndogo, hukatika kama kawaida.

Wasomi wa fasihi hatuna sababu ya kushangaa, kwa kuwa si mara ya kwanza kwa chombo kipya kuupanga upya utungo wetu. Katika miswada ya zamani iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ubeti wa utenzi aghalabu uliandikwa katika mstari mmoja wenye vipande vinne, na jicho likasafiri kutoka kulia kwenda kushoto kupita vina vitatu hadi kufikia kina cha bahari. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Athumani, wa mwaka 1728, ni wa zama hizo za hati. Tenzi zilipoanza kuchapwa kwa hati za Kirumi, vile vipande vinne vilipangwa kimoja chini ya kingine, na leo sisi sote tunaamini kwamba utenzi "una mishororo minne" tangu azali. Ukweli ni kwamba mtu fulani, katika chumba fulani cha uchapishaji, aliamua hivyo.

Tumkumbuke vilevile Muyaka bin Haji wa Mombasa. Tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na Diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens, karne moja baada ya mshairi kufariki. Laiti Mwalimu Sikujua angalisema kwamba kunakili tungo si kazi ya mjuzi wa tungo, sijui leo tungekuwa na Muyaka yupi.

Wala tusidhani kwamba tatizo hili linawagusa wanamapokeo pekee. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi huru yameutegemea ukurasa pengine kuliko hata tarbia, maana pasipo vina na mizani ni mkato wa mstari unaomwambia msomaji apumue wapi. Karibu zaidi na kwetu, Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, katika diwani kama Bara Jingine (2001), hupanga maneno na herufi ukurasani hivi kwamba mpangilio wenyewe huwa sehemu ya maana. Shairi la namna hiyo likinakiliwa katika tovuti ya kawaida, kinachobaki ni orodha ya maneno.

Tulichokiunda

Hapo ndipo nilipomwendea mwenzangu mmoja anayesomea sayansi ya tarakilishi. Yeye ndiye aliyenifunza maana ya programu-jalizi. Hii ni programu ndogo isiyojitegemea, ambayo hupachikwa ndani ya mfumo mkubwa wa tovuti ili kuuongezea uwezo ambao mfumo huo hauna. Mfano ulio wazi ni mfumo wa WordPress, uliotolewa mwaka 2003 na ambao leo unatumiwa na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Toleo lake la mwaka 2004 ndilo lililoufungulia mlango wa programu-jalizi. Mwaka 2010 likaja jambo linalotuhusu zaidi: mtu aliruhusiwa kwa urahisi kubuni aina zake mwenyewe za maudhui, zaidi ya "makala" na "ukurasa" alizozikuta. Mwenye hoteli akabuni aina iitwayo chumba. Mwenye duka akabuni bidhaa. Sisi tukabuni tatu: shairi, methali na kitendawili.

Kuhusu shairi, wazo letu lilikuwa sahili. Mwandishi hutenganisha vipande kwa alama ya mkwaju, na programu humweka ukwapi ndani ya kisanduku chake na utao ndani ya chake, visanduku visivyokatika katikati. Kioo kikiwa kipana, visanduku hukaa sambamba. Kioo kikiwa chembamba, utao mzima hushuka chini ya ukwapi wake, ukisogezwa ndani kidogo ili msomaji ajue kwamba mshororo bado ni ule ule. Mwandamo na ukingo, panapo vipande vitatu au vinne, hufuata utaratibu huo huo. Katika jaribio la kwanza tulikuwa tumetumia mkato badala ya mkwaju, kwa kuwa washairi wengi huweka mkato mwishoni mwa ukwapi. Tuliujutia ujanja huo siku moja tu baadaye, pale mwanafunzi alipotaja "chai, kahawa, mahindi" katika utao mmoja na programu ikamzalishia vipande vinne.

Kitendawili kilitufunza jambo jingine. Mwenzangu aliandaa ukurasa wenye swali na, chini yake, jibu. Nilimwambia kwamba hicho si kitendawili, ni jaribio la darasani. Fani ya kitendawili imo katika mtego na subira: mtegaji huita, hadhira hujibu "tega," hujaribu, hushindwa, na mtegaji hudai mji kabla ya kufumbua. Basi tukaweka kibonye cha "Tega" kinacholeta fumbo, kisha kingine cha "Nakupa mji" kinachofichua jibu. Ni kitu kidogo. Lakini wanafunzi wa kidato cha kwanza walipokijaribu walicheka na kubishana juu ya mji gani wa kutoa, na mmoja akakataa katakata kuitoa Embu.

Ngeli na ule mbuni

Mambo mawili yalinithibitishia kwamba kazi hii haiwezi kufanywa vyema bila mtu wa Kiswahili kuwapo.

La kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Mifumo ya tovuti hutoa taarifa fupi kwa mtumiaji: kitu kimechapishwa, kitu kimefutwa, kitu hakikupatikana. Katika Kiingereza taarifa hizo zinaweza kutungwa kama kiunzi chenye pengo moja, kwa sababu kitenzi hakibadiliki hata ukiweka nomino gani katika pengo hilo. Kiswahili hakikubali. Shairi limechapishwa, methali imechapishwa, kitendawili kimechapishwa. Ukiwa na wingi, mashairi yamechapishwa, methali zimechapishwa, vitendawili vimechapishwa. Ngeli tatu, LI-YA, I-ZI na KI-VI, zilikuwa zimekutana katika programu ndogo kama ile, na kiunzi kimoja kisingezitosha. Mwenzangu alikuwa ameandika "imechapishwa" kila mahali, na hakuona kosa hadi nilipomsomea kwa sauti "kitendawili imechapishwa." Dawa yake ilikuwa kuiandikia kila aina ya maudhui taarifa zake kamili, jambo ambalo mfumo unaliruhusu. Lakini ni nani angalijua kwamba dawa inahitajika? Mara ngapi tumefungua tovuti au simu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili tukakuta vitu vyote vimetiwa katika ngeli moja, tukacheka, tukairudisha katika Kiingereza?

La pili ni mizani. Tulitaka programu imsaidie mtunzi mchanga kwa kumhesabia. Tulidhani ni kazi ya dakika chache, kwani silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu: hesabu irabu, kisha ongeza ile m ya mtu na ya mke, na ile n ya nchi na ya nne. Palipokuwa na mb, tuliiambia programu ichukulie kwamba m haisimami peke yake, kama ilivyo katika mbuzi. Kisha mvulana mmoja akaleta kipande hiki: "Mbuni wetu wazaa." Programu ikamwonya kwamba ana mizani saba. Yeye akashikilia kwamba ni nane, akazihesabu kwa vidole mbele yangu.

Mvulana alikuwa na haki. Mbuni wake ulikuwa mti wa kahawa, ambao wingi wake ni mibuni. M yake ni kiambishi cha ngeli na ni silabi kamili, m-bu-ni. Mbuni ambaye ni ndege ana silabi mbili tu, mbu-ni. Naye mbuni ambaye ni mtu abuniye mambo anarudi kwenye silabi tatu. Maandishi ni yale yale, na hakuna hesabu ya herufi itakayoyatenganisha. Ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi mbaya na tabia mbaya. Atakayeyatenganisha ni mjuzi wa ngeli, au programu iliyofunzwa na mjuzi wa ngeli. Kwa sasa tumeiamuru programu itoe ushauri tu na kumwachia mtunzi neno la mwisho, na tumeanza kuandaa orodha ya maneno tata. Orodha hiyo, kwa maoni yangu, inaweza kuwa tasnifu nzuri ya mtu.

Pingamizi

Wenzangu wawili wa idara wamenipinga kwa hoja ambazo si za kupuuzwa.

Wa kwanza anasema kwamba shairi la Kiswahili ni sauti kabla ya kuwa maandishi, kwamba liliimbwa na kughaniwa, na kwamba anayelilia mpangilio wa ukurasa amesahau asili. Nakubaliana na nusu ya kwanza. Lakini msomaji aliye peke yake na simu yake hana malenga kando yake. Ukurasa ndio unaomwelekeza apumzike wapi na apandishe sauti wapi. Ukwapi ukichanganywa na utao, hata anayetaka kughani hukosa mahali pa kutulia. Kwa hiyo anayeitetea sauti ana sababu kubwa zaidi ya kuutetea mpangilio.

Wa pili anasema kwamba kila mtu ana fani yake: mwanafasihi ahakiki, mtaalamu wa tarakilishi aunde. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wataalamu hao wangekuwa wanaliona tatizo. Hawalioni, wala si kosa lao. Hawakufunzwa bahari za ushairi. Sidai kwamba kila mmoja wetu ajifunze kuandika misimbo. Mimi mwenyewe bado najikongoja. Nadai kwamba tukae meza moja na waandikao misimbo tangu siku ya kwanza, tukijua tunachokitaka, kwa maana tukingoja kuletewa kitu kilichokamilika tutabaki kulalamika pembeni.

Kuunda na kuachilia

Nafika sasa kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Programu yetu inafanya kazi katika tovuti ya shule moja. Ikibaki hapo itakuwa kama shairi lililofungiwa katika daftari. Kuiachilia hadharani ni hatua nyingine, na ina masharti yake. Ghala rasmi la programu-jalizi za mfumo huo hukagua kila programu kabla ya kuipokea. Wakaguzi hutazama, pamoja na mengine, kwamba maandishi yanayoingizwa na watumiaji yanasafishwa ili mtu mwovu asipenyeze amri badala ya ubeti. Programu yenyewe lazima itolewe kwa leseni huria, yaani yeyote aruhusiwe kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa, pamoja na marekebisho aliyoyafanya. Ifahamike kwamba kinachotolewa bure ni chombo tu. Mashairi yatakayowekwa ndani yake hubaki mali ya watunzi, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inawalinda kama kawaida.

Lipo sharti moja lisiloandikwa kwa wino mzito lakini lililonikera. Utaratibu wa kutafsiri programu za namna hii umejengwa juu ya dhana kwamba maneno ya msingi ni ya Kiingereza na lugha nyinginezo ni tafsiri. Kwa hiyo programu ya mashairi ya Kiswahili, iliyoundwa na Waswahili wa lugha kwa ajili ya Waswahili, ililazimika kuandikwa kwanza kwa Kiingereza ili nasi tuitafsiri kwa Kiswahili. Ukwapi na utao havina majina ya Kiingereza. Tuliyaacha maneno hayo yalivyo, na anayetaka kuitumia programu yetu kwa Kiingereza itambidi ayajifunze. Huo ndio mkopo wetu mdogo kwa lugha hiyo.

Tusidhani kwamba tunaanza penye utupu. Mradi wa kamusi ya Kiswahili mtandaoni ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoongea Kiswahili, na wataalamu wa iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili walishiriki katika kazi ya istilahi. Hapa Kenya, mnamo Januari 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana waliunda Ushahidi, mfumo wa kukusanya taarifa za watu na kuzionyesha katika ramani. Waliuachilia kwa leseni huria, na mwaka 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Neno la Kiswahili lilikwenda hadi Karibi juu ya mgongo wa programu. Vyuo vikuu vyetu vingapi vimewahi kulifikisha neno umbali huo?

Hata hivyo, mifano hiyo inatuonya pia. Programu si kitabu ambacho kikishachapishwa hukaa rafuni miaka thelathini kikisubiri msomaji. Mfumo mkuu hubadilika mara kadhaa kwa mwaka, na programu-jalizi isiyofuata mabadiliko hayo huzeeka upesi. Ghala nililolitaja huwaonya wageni hadharani pale programu inapokaa bila kujaribiwa katika matoleo makubwa matatu ya karibuni. Sasa mwanafunzi wa uzamili hukaa chuoni miaka miwili au mitatu, kisha huenda kutafuta kazi. Nikiiachilia programu hii kwa jina langu, nitakuwa nimezaa mtoto nikijua kwamba nitahama. Ndiyo sababu nimesita hadi leo.

Ninachokiomba

Naomba mambo matatu.

La kwanza, chama chetu kikubali kuwa mlezi wa programu hii na nyingine zitakazofuata. Akaunti iwe ya chama, na funguo zake zikabidhiwe viongozi wapya kila mwaka pamoja na kitabu cha kumbukumbu na daftari la hesabu. Kamati ndogo ya watu wanne ingetosha: wawili wa Kiswahili na wawili wa tarakilishi.

La pili, idara zetu za Kiswahili zitafakari kuitambua kazi ya namna hii. Mwanafunzi aliyehariri mashairi ishirini ya mtunzi mmoja hupewa shahada, na ni haki yake. Aliyebuni njia ya kuyaonyesha mashairi ya watunzi wote bila kuyaharibu huambiwa amepoteza muda kwa michezo ya tarakilishi. Sisemi programu ichukue nafasi ya tasnifu. Nasema maelezo ya kitaaluma ya programu hiyo, yenye uchambuzi wa mizani, ngeli na muundo, yakubaliwe kuwa sehemu ya tasnifu.

La tatu, maelezo ya matumizi yaandikwe kwa Kiswahili safi ambacho mwalimu wa sekondari, awe Manyatta, Chuka au Lamu, atakisoma na kukifuata bila kumtafuta fundi. Nimejaribu kuyaandika na nimegundua ni kazi ngumu kuliko shairi. Istilahi zenyewe bado zinagombana: wengine husema programu-jalizi, wengine huacha neno la Kiingereza lilivyo, na mwenzangu huiita "kipachiko," neno ambalo kadiri siku zinavyopita nazidi kulipenda. Mjadala huo nawaachia wanaleksikografia walio miongoni mwetu, nao wasichelewe.

Binti yule wa kidato cha tatu alikwisha kumaliza shule. Kabla hajaondoka nililifungua shairi lake kwa simu yangu, likiwa limepangwa na programu mpya, nikampa alisome. Alilipitia polepole hadi kibwagizo cha ubeti wa mwisho. Kisha akanionyesha kosa la tahajia katika ubeti wa tatu, kosa ambalo nililitia mimi wakati wa kunakili, na ambalo halikuwahi kuonekana na yeyote wakati beti zilipokuwa zimevurugika.

Nitaiwasilisha hoja hii katika mkutano mkuu ujao wa chama. Atakayekuja kunipinga anakaribishwa sana. Aje tu na mshororo mmoja wa tarbia aliouandika kwenye simu yake, tuutazame pamoja.